Sindano Iliyobaki Nyongani

Waliokuwa nami wiki jana wanajua waliniacha wapi. Waliniacha nimekwama juu ya jamvi siku ya posa ya binti yangu, miguu nimeikunja na haikunjuki, wanaume wakininyanyua pamoja na jamvi lenyewe kama siniya ya biriani.

Kwa aliyekuwa na shughuli zake asinisome, mimi ni Mbwana Mwidani wa Bofu, Likoni, fundi wa kusuka vitanda vya kamba. Kazi hii mtu huifanya amekaa chini, mguu umekaza ubao wa kitanda, mikono inavuta kamba. Nimevuta mpaka nyonga yangu ya kushoto imesema basi. Na sisuki vya walio hai peke yao. Majeneza ya misikiti mingi ya bara, kutoka kwetu mpaka Magongo, kamba zake ni za mkono wangu.

Mtoto ninaye mmoja, Mwanabibi. Mamake alituacha zamani. Siku zote ombi lake kwangu lilikuwa hilo hilo.

"Baba, mimi sitaki wakala. Nioze wewe, kwa mkono wako."

Mchumba aliyempenda, nami nikampenda, ni Masha, kijana wa Kigiriama aliyesilimu, seremala hodari. Msumeno wa mashine ulimla ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia. Ndugu yangu mdogo, Rashid, hakumtaka hata kumsikia.

"Kaka, wampa mtoto mtu ambaye hata vidole havijatimia?"

"Rashid, mimi sikiozeshi kidole."

Rashid alikuwa na mtu wake: Bwana Babu, mwenye duka kubwa pale Bofu, mwenye simu, mwenye pete isiyotoka kidoleni, na wake wawili waliotosha kabisa. Nilimkataa Bwana Babu mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili bila adabu.

Sasa siku ya nikaha imefika. Ni baada ya sala ya alasiri, uani kwangu, na mwenye kuoza na mwenye kuoa hukaa jamvini goti kwa goti, mkono ndani ya mkono. Asubuhi ile mimi siwezi hata kukaa kitako ninywe chai.

Nilikuwa nimekwishapigwa chuku ya kunyonya damu, nimesingwa mafuta ya nyonyo, nimekunywa kombe la aya mpaka maandishi yakanikinai. Nyonga haikusikia la mtu.

"Baba," Masha akaniambia, "kule Magongo kuna daktari wa sindano za Kichina. Tajiri yangu alikwenda ameinama, akarudi amenyooka."

Nikaenda. Ningejua, ningeoza nimelala.

*

Daktari alikuwa amekodi chumba cha mbele katika nyumba ya Mwanarehema, mjane wa kwetu Likoni aliyehamia Magongo. Niliingia nikishika ukuta. Akaja mama mmoja mnene wa sauti ya upole, koti jeupe, kanda mbili miguuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi. Daktari Achieng."

"Wewe ndiwe Mchina?"

"Mchina ni sindano, mzee. Mimi ni mtu wa Siaya. Nilienda tu kusoma huko kwao."

Akafungua kijaluba, akanionyesha sindano. Zilikuwa nyembamba hata nikaona haya kuziogopa.

"Zina dawa gani ndani?"

"Hazina dawa. Hazina hata tundu."

"Sasa zanidunga nini?"

"Zinakudunga tu, mzee."

Nilitaka kuondoka, wallahi. Lakini kuondoka nako kwataka nyonga.

Akanilaza kwa ubavu wa kulia, nyonga mbovu ikawa juu, uso ukutani. Akachoma moja, akachoma nyingine, nyongani, pajani, hata unyayoni, mahali ambapo sikuwa na shida napo. Juu ya sindano akawasha vijani vikavu vikatoa moshi mzito wenye harufu tamu. Moshi ukaniingia machoni, nikalalama. Akachukua shuka jeupe akanifunika kuanzia kichwani, akaacha wazi pale penye sindano peke yake.

"Sasa usisonge. Ukisonga, nyama itashika sindano. Ikishika, haitoki mpaka nyama yenyewe ikubali."

"Na itakubali lini?"

"Hiyo ni shauri ya nyama."

Mara nje watu wakapiga kelele: "Maji! Maji!" Magongo miaka ile mfereji ulikuwa ukijiamulia siku yake, na ukiamua, hata bwana arusi huacha sahani akakimbilia ndoo.

"Mzee, maji imekuja," daktari akasema. "Nakuja sasa hivi." Nikasikia ndoo zikigongana, kisha kanda mbili zikipiga mbio.

Nikabaki peke yangu. Na hapo, ndugu zangu, jambo likatokea ambalo sikulitarajia. Maumivu yaliondoka. Yalitoka taratibu, bila kuaga, nikabaki nimelala bila kitu kinachoniuma kwa mara ya kwanza tangu nyonga ianze ubishi wake. Nililia kidogo kwa raha. Halafu usingizi ukanichukua, usingizi mzito wa mtu mwenye deni nao la miezi.

*

Niwaeleze nilivyoonekana, maana mimi mwenyewe sikujiona.

Mzee amelala kwa ubavu wa kulia. Uso, kumbe, umeelekea kibla. Shuka jeupe toka kichwani. Moshi mtamu umejaa chumba. Kwetu mtu akilazwa hivyo, kazi iliyobaki ni ya wachimba kaburi.

Mwanarehema, aliyeniona nikipokewa na daktari, aliingia kuazima ndoo.

Nilizindukana kwa kilio. Kilikuwa kilio hasa, cha wanawake wengi. Nikajua nyumba hii imepata msiba. Maskini, nikasema moyoni, na nikamwombea marehemu yule. Nilitamani kwenda kuwapa mkono wa pole, lakini daktari alisema nisisonge.

"Alikuwa mtu mwema!" Mwanarehema analia. "Mtu wa watu! Asiye na neno na mtu!"

Nikaona huenda huyu marehemu ni mtu ninayemjua.

"Na bintiye yuwaolewa leo! Leo hii!"

Nikasikitika zaidi. Kumbe leo tunaooza tuko wengi.

"Wee Mbwana wee! Mbwana Mwidani wa Bofu!"

Hapo nikasonga.

"Mwanarehema!" nikapiga kelele ndani ya shuka. "Mimi niko hai!"

Sijui kama mmewahi kuona nyumba ikimwagika watu. Walitoka kwa mlango, wakatoka kwa dirisha, na wanaume wa msikiti waliokuwa wameshaleta jeneza wakalitupa pale ukumbini wakakimbia na kofia mikononi. Aliyekuwa akija kinyume chao ni daktari peke yake, ndoo ya maji kichwani.

"Nyinyi mnakimbia nini?" nikamsikia. "Maji bado iko!"

Akaingia, akanifunua, akaanza kutoa sindano. Zikatoka vizuri zote, isipokuwa moja, ile ya katikati ya nyonga.

"Umesonga, mzee."

"Nimetangaziwa kifo changu, mama! Nisisonge?"

"Hii imeshikwa."

"Vuta!"

"Nikivuta itakatika ndani. Lala. Usikae, usikunje mguu, mpaka nyama ikubali."

Mwanarehema alikuwa amerudi mlangoni, ameshika mwiko.

"Kama u hai kweli, nitajie jina la mamako."

"Mwanatatu binti Mzee, na wewe alikufinya sikio kwa kula tambi za harusi ya watu."

"Alhamdulillahi, ni yeye." Akauweka mwiko chini. Halafu akaushika tena, nikaona kuna jingine. "Lakini Mbwana, nimefanya jambo. Nimeshapiga simu kwenu."

"Kwa nani?"

"Dukani kwa Bwana Babu. Pale Bofu simu nyingine nimpigie nani?"

"Akasemaje Bwana Babu?"

"Alisema inna lillahi. Kisha akaniuliza, 'Una hakika?' Nikamwambia ninayo. Kisha nikamsikia yuwaita, 'Rashid! Rashid! Hebu njoo mbio!'"

"Piga tena! Mwambie ni makosa!"

"Nimepiga nilipokuwa kule nje nakukimbia. Haiiti. Mkonga wa simu wameuweka kando."

Mjue sheria yetu, msije mkasema mzee alibabaika bure. Mimi nikiwa hai, hakuna wa kumwoza Mwanabibi ila mimi au niliyemtuma. Nikifa, babu yake hayuko, kaka hana, walii wake ni ami yake. Ami yake ni Rashid. Na mfuko wa Rashid una bwana arusi mwingine.

"Nipelekeni Likoni," nikasema. "Sasa hivi."

Daktari alikuwa na Pijo yake ya zamani, pikapu. Lakini mbele siwezi kukaa, na nyuma nikilala juu ya bati, sindano itaingia mpaka upande wa pili. Na kivukoni, siku ya mapumziko, foleni ya magari huanza mbali hata humwoni anayekuuliza nauli.

Nikatupa macho ukumbini. Jeneza lilikuwa pale pale walipolitupa.

"Mwanarehema," nikamwuliza, "umewahi kuona jeneza limepanga foleni?"

Akanitazama, akaelewa, akajishika kinywa. "Mbwana, hilo halichezewi!"

"Sichezi. Natafuta njia ya kwenda kumwoza mwanangu."

*

Nililazwa mle chali, daktari akanitilia mto chini ya kiuno ili sindano isiguse kitu. Mwanarehema akanifunika kitambaa cha kijani, akakifunga pembe zote kwa kamba upepo usikichukue.

"Ukipiga chafya tumekwisha," akaninong'oneza, kisha akabaki kwake aendelee kujaribu simu.

Kamba za chini nilizitambua kwa mgongo. Fundo ni langu. Nilikuwa nimezikaza kupita kiasi, na kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika, sikujua. Nikaweka nia ya kuja kuzilegeza.

Safari ilikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Kila tulipopita, nilisikia magari yakikaa kando. Kivukoni watu walitupisha mpaka mbele kabisa, na ndani ya feri wenye makapu wakayatia makapu chini wakaniombea. Nilitaka kuitikia amin kila dua, nikajizuia.

Mzee mmoja akamwendea daktari dirishani.

"Pole, mama. Marehemu ni nani wako?"

"Ni mgonjwa wangu."

Nikasikia viatu vya mzee yule vikienda upande wa pili wa feri.

Tukashuka Likoni. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu, nikasikia sauti za watu wengi mbele yetu, na gari likasimama.

Rashid, kumbe, alikuwa ametuma Bofu yote kuja kunipokea.

Mnajua desturi yetu. Jeneza likitokea, hakuna anayeuliza la nani. Kila mwanamume huacha alichoshika akakimbilia kutia bega, apate thawabu zake, na jeneza halipelekwi polepole. Kabla sijavuta pumzi nilikuwa juu ya mabega, naelea.

"Ngojeni!" daktari akapiga kelele. "Huyo mzee hajakufa!"

"Pole sana, mama," mtu akamjibu kwa huruma. "Hata mimi kwa babangu nilisema vivyo hivyo."

"Nawaambia ako hai! Mimi ndio daktari!"

"Daktari ndiye aliyemuua!" mwingine akapayuka. "Mwanarehema alisema kwenye simu!"

"Basi nitawafuata!"

"Mwanamke hafuati jeneza, mama. Kaa pale kivulini."

Hivyo ndivyo nilivyompoteza shahidi wangu.

Nikaanza kupiga kelele. Lakini watu wote wanaleta tahalili kwa sauti moja, "La ilaha illallah," na sauti ya mzee chini ya kitambaa haifui dafu. Na kila bega likibadilishwa, sindano inanikumbusha kuwa ipo.

"Rafiki yangu," nikamsikia mchukuzi wa upande wa kichwani, "huyu maiti mbona kama yuwasema?"

"Anasema nini?"

"Asema 'nishusheni'."

"Hizo ni kamba. Jeneza hili kalisuka Mbwana mwenyewe, na kamba za Mbwana hulia sana."

"Ah! Kweli. Mungu amrehemu, alikuwa fundi."

"Fundi, lakini kamba zake zililia."

Hata wakati ule, ndugu zangu, neno lile liliniuma kuliko sindano.

*

Walinitua uani kwangu, chini ya turubai la harusi, kando ya jamvi la nikaha. Nilijua ni hapo kwa harufu ya pilau. Nikasikia wapishi wakibishana.

"Sasa hili tulipakue kama la harusi au la matanga?"

"Pilau ni pilau. Punguza zabibu."

Upande wa wanawake, aliyeanza kigelegele alizibwa kinywa, aliyeanza kilio aliambiwa angoje kwanza. Katikati ya zogo lile nikaisikia sauti ya Mwanabibi. Hakuwa na maneno. Alikuwa analia tu, kama alivyolia siku tulipomzika mamake. Nikavuta pumzi nipige ukelele wa kuamsha mtaa.

Rashid akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu aliyelala hapa hakuwa kaka tu. Alikuwa baba yangu."

Nikashusha pumzi. Rashid, tangu kuzaliwa kwake, hajawahi kunitamkia neno zuri hata moja. Nikasema wacha nisikie kidogo tu, kisha nitapiga kelele.

"Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Subira yake haikuwa na mfano. Mimi sikuwahi kumwambia, na leo najuta."

Machozi yakanitoka. Nikamsamehe mle mle ndani, mambo yote, hata baiskeli yangu aliyoitosa baharini utotoni. Nilikuwa nimelala nikisubiri asifie na kamba.

"Na kabla hajatutoka," Rashid akaendelea, "alinivuta pembeni, akaniusia. Akasema, 'Rashid, nikitangulia, usinizike kabla hujamwoza Mwanabibi. Na umwoze Bwana Babu.'"

"Muongo!" nikapiga kelele.

Na wallahi alinisikia. Alikuwa amesimama karibu yangu kuliko wote. Nasema alinisikia kwa sababu pale pale alipaza sauti yake yote: "Al-Fatiha!"

Bofu nzima ikaanza kusoma. Ukelele wangu ukazama humo.

Waliposema amin, mwalimu akakohoa. Mwalimu wetu wa msikiti ni mtu mpole, hapendi ugomvi.

"Basi, kwa kuwa ni wasia wa marehemu, na maji ya kumwoshea yako jikoni yanapashwa, tufanye haraka. Mwari ameulizwa?"

"Ameulizwa kama yu radhi kuolewa," akajibu mtu kutoka mlangoni.

"Amesemaje?"

"Hakusema. Yuwalia tu."

"Kimya cha mwari ni ridhaa," Rashid akasema.

"Lakini hajanyamaza, bwana, yuwalia!"

"Kilio hakina maneno. Kisicho na maneno ni kimya."

Hawakuwa wamemtajia anayeolewa naye, hilo nililing'amua palepale. Mwanangu, katika machozi yake, alidhani ni Masha.

Mara pakatokea vurugu. "Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Masha, na imepasuka. "Bwana arusi ni mimi! Mahari niliyatoa mimi, na mzee aliyapokea kwa mkono wake!"

"Mtoeni nje!" Rashid akafoka.

Nikasikia watu wakivutana juu ya jamvi. Jamvi likavutika mpaka likagonga jeneza. Mtu akaanguka, mtu akainuka, kanzu ikachanika. Kisha mmoja akaketi kwa kishindo kando yangu kabisa, akitweta kama aliyepigana, na nikamsikia mwalimu akisema kwa uchovu:

"Basi, basi! Mko mbele ya maiti. Bwana arusi amekwishaketi. Bwana arusi, toa mkono. Walii, mpokee."

Nikajua ni Masha. Ni nani tena atwete vile? Kijana amewakung'uta wote akaketi mahali pake, na sasa Rashid anakwenda kumshika mkono aseme jina jingine, harusi iharibike mbele ya watu.

Kukaa siwezi, kwa ajili ya sindano. Kujifunua siwezi, Mwanarehema alifunga pembe zote. Lakini mimi ni fundi wa kamba. Nilipapasa, nikalipata fundo la upande wa kulia, nikalifungua kwa vidole vya mkono mmoja. Kivuli cha mkono kilikuwa kinaonekana juu ya kitambaa, umenyooshwa, unangoja.

Nikautoa wangu, nikaudaka.

"Nimekuoza," nikasema kwa sauti iliyobaki mwilini yote, "na nimekupa mke, binti yangu Mwanabibi, kwa mahari mliyoafikiana! Sema umekubali!"

Siwezi kuwaeleza jinsi Bofu ilivyokimbia. Nilisikia sufuria likipinduka, turubai likishuka upande mmoja, Rashid akiita mama, naye mama yetu tumemzika pamoja. Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa unarukaruka kama samaki, lakini mimi nimevuta kamba maisha yangu yote. Nilichoshika huwa hakitoki.

"Sema!" nikanguruma.

"Nimekubali!" ikatoka sauti ya kutetemeka, isiyo ya mtu yeyote kwa jinsi ilivyoogopa. "Nimekubali! Nimekubali kumuoa! Niachie!"

"Nimesikia," mwalimu akasema polepole. Yeye hakukimbia, alikuwa amekalia guu lake likafa ganzi. "Na huyu bwana muadhini, aliyejificha chini ya jamvi, naye amesikia."

"Nimesikia," jamvi likajibu.

"Basi nikaha imepita. Aliyekuoza ni baba mwenyewe. Mambo mengine tutaulizana baadaye."

Na pale pale, nyama ikakubali. Niliisikia sindano ikilegea, ikateleza yenyewe, ikaanguka juu ya kamba bila uzito. Nikakunja mguu wa kulia. Nikakunja wa kushoto. Nikakaa kitako, miguu nimeikunja, mgongo umenyooka, kitambaa kingali kichwani, na nyonga haikusema neno. Nilikuwa nimekaa namna anavyokaa baba anayemwoza mwanawe, na mkono wa mkwe wangu u ndani ya mkono wangu.

Furaha niliyoipata ile sina wa kumsimulia akaamini.

"Baba yu hai!" wanawake wakapiga kelele ndani. "Yu hai, na kaoza mwenyewe!" Vigelegele vikapasuka, vya kweli sasa. Na juu ya vigelegele vyote nikamsikia Mwanabibi, anacheka na kulia pamoja.

"Ahsante, baba! Kwa mkono wako! Ahsante!"

"Umenisikia, Masha?" nikanong'ona chini ya kitambaa. "Umwangalie mwanangu."

Nikampapasa mkono kwa dole gumba langu, kwa mapenzi, nikitafuta kile kidole cha shahada kilicholiwa na msumeno, nikishike, nimwambie kuwa kwangu mimi hakipungui kitu.

Nikakipata. Kilikuwa kizima mpaka kwenye ukucha. Na kando yake palikuwa na pete.